Mleta mada, usipandikize kambare kwenye hilo shimo la dhahabu

Mkuu, simama hapo hapo. Hao vifaranga kama hujawalipia, usilipe. Kama umeshalipa, mwombe aliyekuuzia akutunzie kwake kwanza.

Kwa wanaoingia sasa: jamaa amepata eneo mkoani Geita, ndani yake kuna shimo la zamani la wachimbaji wadogo ambalo halikauki maji, na juu kidogo palikuwa na mwalo. Siyo mwalo wa kushushia samaki, mwalo wa kuchenjulia dhahabu, pale wanapoikamata kwa zebaki. Anataka kufuga kambare. Ameuliza vifaranga wangapi kwa mita ya mraba, awalishe nini, avune baada ya muda gani, na soko likoje. Halafu akamalizia na sentensi iliyofanya chai yangu ipoe mezani: "Maji nimeshapima, zebaki hakuna kabisa."

Sentensi hiyo niliisema mimi, tena kwa kujigamba, mbele ya mashemeji.

Machi 2018 nilinunua shimo kama lako. Maji ya kijani, kina cha mtu na nusu, mayungiyungi pembeni, unaweza kupiga picha ya harusi. Nikatafuta mtaalamu. Akaja na pikipiki, kizibao cha mifuko kumi na mbili, akachota maji kwenye chupa. Majibu yakarudi kutoka maabara: zebaki haikuonekana. Nikamuuliza, na lile tope la mwaloni lililoteremka humu miaka yote? Akacheka. "Zebaki ni nzito bosi. Ikizama imezama. Samaki anaogelea huku juu." Yeye huyo huyo ndiye aliyeniuzia vifaranga 1,500, kwa hiyo unaelewa kwa nini zebaki yake ilikuwa inazama vizuri hivyo.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo milioni zangu 6.8 zilipolala.

Ni kweli inazama. Ndiyo ubaya wenyewe. Huko chini kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoibadilisha ikawa methilizebaki, na hiyo ni mnyama mwingine kabisa. Ile zebaki ya rangi ya fedha uliyoona inabingirika kwenye karai la mchenjuaji, mwili ukiimeza huifyonza kidogo sana, nyingi inapita. (Moshi wake wakati wa kuchoma ni habari nyingine, huo unaua mapafu na akili.) Methilizebaki ukiila karibu yote inaingia kwenye damu, na inashika kwenye nyama. Kiluwiluwi anakula tope, perege anakula viluwiluwi mia, kambare anakula perege mia. Kila mmoja anarithi deni la wote aliowameza, na kulitoa mwilini ni kazi ya polepole mno. Ndiyo maana samaki anayekula wenzake anaweza kuwa na kiasi kinachofika mara milioni moja ya kilichomo kwenye maji anayoogelea. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 0.006 kwa lita kwa maji ya kunywa. Maji yako yanaweza kuwa chini ya hapo mbali sana, mashine isione kitu, na samaki wako akawa hafai.

Na mimi, kwa ujanja wangu, nilifanya kila kitu cha kuongeza. Chakula cha dukani niliona ghali, nikaweka perege wazaliane ili kambare wajilie wenyewe bure. Nikawa namwaga samadi ya ng'ombe maji yarutubike. Samadi ikaoza, hewa ya chini ikaisha, wale bakteria wakafanyiwa sherehe. Kisha nikasikia wenye hoteli wanapenda kambare wakubwa, nikaacha wakae mwaka wa kwanza, wakaingia wa pili. Yaani mkubwa, mzee, mla wenzake, anayelala topeni. Ukimwambia mtu abuni mashine ya kukusanya zebaki hawezi kuleta nzuri kuliko bwawa langu.

Walikuwa wazuri lakini! Kambare wa kilo tatu, mgongo mweusi unang'aa kama kiatu cha askari. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyeelea. Samaki mwenye zebaki hanuki, hana doa, anakupiga mkia vizuri tu.

Nikapata mnunuzi wa Mwanza, akasema analeta gari ila anataka cheti cha minofu. Siyo cha maji, cha minofu. Nikaona ananisumbua, nikapeleka sampuli huku napiga hesabu za bati la nyumba. Perege: miligramu 0.2 kwa kilo. Kambare: 1.4. Kikomo cha samaki wengi sokoni, Ulaya wakiwemo, ni 0.5. Shimo ni moja na maji ni yale yale yenye cheti cha "haikuonekana".

Nikampigia mtaalamu. Akasema labda maabara imekosea. Nikapiga tena kesho yake, namba haipatikani. Mpaka leo namba yake haipatikani, nadhani nayo ni nzito, imezama.

Msinishauri niliyokwisha kuyajaribu. Nilidhani nikikaanga mafuta yatatoka nayo: haikai kwenye mafuta, inakaa kwenye protini, yaani ndiyo nyama yenyewe. Kuchemsha haitoki. Limao wala usijisumbue. Nikafikiria kubanika niuze wakavu, mtu wa maabara akanionea huruma akanieleza: moshi unatoa maji, zebaki inabaki, kwa hiyo kilo moja ya mkavu inakuwa na zebaki nyingi kuliko kilo ya mbichi. Nikawafukia. Asubuhi nikakuta shimo limefukuliwa, na nyayo za watu wazima na watoto. Ilibidi nizunguke nyumba kwa nyumba kueleza, na hebu jaribu kumweleza mama mwenye wajukuu watano kwamba samaki mzuri vile ana sumu. Wakaniona nimechanganyikiwa kwa hasara.

Hela ningeisamehe. Lililoninyima usingizi ni kwamba mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila Jumapili supu ya kichwa cha kambare nilikuwa nampelekea mimi mwenyewe, ale ashibe. Methilizebaki inavuka kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia kwanza. Daktari alituambia mwili wa mtu mzima unapunguza nusu kwa muda wa kama miezi miwili, tukaacha samaki wa bwawani siku hiyo hiyo, tukahesabu majuma kwenye kalenda ya ukutani. Mtoto yupo, anakimbia, anaongea kupita kiasi kama bibi yake. Bado namwangalia anavyoshika penseli.

Kuna mmoja juu huko kaandika "machimbo yamefungwa miaka kumi, imeshaisha hiyo." Imeenda wapi? Kanada kuna mto Wabigoon, kiwanda cha karatasi mjini Dryden kilimwaga humo zebaki kama tani 9 kati ya 1962 na 1970. Wenyeji wa Grassy Narrows, watu wa kuishi kwa uvuvi, hadi leo samaki wao wana zebaki. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini ndugu yangu, wewe unaniletea kumi.

Na wale mtakaokimbilia kusema sangara na dagaa wote wa Victoria ni sumu, tulieni. Ziwa ni kubwa, na vipimo vimekuwa vikikuta samaki wengi wa humo wako chini ya kikomo. Ninayemsema hapa ni yule wa kwenye shimo, na wa kijito kinachopita chini ya mwalo.

Kwa hiyo mkuu: pima samaki, usipime maji. Umesema tayari humo kuna kambare wa asili. Mvue mkubwa kuliko wote, mkate minofu ya mgongoni, weka kwenye barafu, peleka maabara wapime zebaki yote, na kopo la tope la chini pia. Usipeleke mdogo kwa sababu mkubwa umemwonea tamaa. Akizidi 0.5, chimba bwawa jipya mbali, upande wa juu wa mwalo, tandika turubai, ulishe chakula cha kununua.

Vifaranga wangapi kwa mita sijui, mimi niliweka kwa macho. Soko wengine watakujibu. Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa hapa, na ukikutana na mtu wa kizibao cha mifuko mingi muulize kama ananikumbuka.