Jibu: Wild Things (1998), mbona wengine wanaisifu na wengine wanaiponda?

Habari mkuu. Unauliza kwa nini filamu hii inagawa watu, na Suzie, yule msichana aliyedhaniwa ameuawa, alinusurika vipi. (Ambaye hajaiona aishie hapa.)

Kwanza, uliizima majina yalipoanza kupanda? Majibu yako humo: vipande vifupi katikati ya majina vinaonyesha njama ilivyosukwa, hadi Suzie aking'oa meno yake kwa koleo ili aonekane ameuawa. Wengi wanaolalamika kwamba haina mantiki waliondoka mapema.

Kuhusu sehemu za mahaba, ile ya motelini ina kazi: ndiyo inayofichua kwamba Sam, mshauri wa shule, na Kelly na Suzie, wanafunzi waliomshtaki kwa ubakaji, lao moja. Ya bwawani, kwangu, ni ya kuuzia tiketi tu. Ukimwangalia Bill Murray kama wakili, utaona mwongozaji McNaughton anatania makusudi. Anayetafuta upelelezi wa kweli lazima akereke.