Jibu: Modeli ya mawimbi ya mtetemo inalipuka baada ya hatua chache

Mkuu, kinachofanya namba za modeli yako zilipuke, yaani zikue bila kikomo, ni lile tabaka la mawe ya chokaa lenye kasi kubwa, programu yako haina kosa. Kasi ya 4,500 m/s, hatua ya muda ms 2 (milisekunde) na gridi ya mita 10 vinatoa 0.9 (kasi mara hatua ya muda, gawanya kwa gridi). Skimu (mbinu ya kukokotoa) ya daraja la pili kwenye modeli ya 2D haivumilii zaidi ya 0.707. Shusha hatua ya muda iwe ms 1.

Viwimbi vya uongo unavyoviona vikifuata nyuma ya wimbi ni ugonjwa mwingine, wa tabaka la polepole. Chanzo chako cha Ricker (mpigo mfupi wa wimbi) cha Hz 25 kina nishati hadi kama Hz 62. Kwa 1,500 m/s, urefu wa wimbi la Hz 62 ni mita 24, yaani pointi 2.4 tu za gridi kwa kila wimbi! Lenga pointi kama 10: gridi mita 2.5, hatua ya muda ms 0.25. Kumbukumbu ya kompyuta itapanda mara 16, lakini ukiviacha viwimbi hivyo utavisoma kama mwakisiko wa matabaka membamba.