Kabla hujasema Twisters haijafikia ile ya 1996, kaa tena na ile ya 1996

Wadogo zangu mnaoanza kuandika rivyu za muvi, kila ikitoka picha ya majanga ambayo kuna ya zamani watu waliipenda, swali mtakaloulizwa ni hilohilo, je imefikia ile? Na mkiwa wageni mnajibu haraka mno, mstari mmoja tu, ile ya zamani hakuna mfano, halafu ndo mnaanza kutafuta sababu wakati hukumu mshaitoa. Mi nimeandika rivyu miaka mingi na kosa hilo nililifanya nikiwa si mgeni kabisa, ndo maana nataka niwasimulie vizuri.

Muvi yenyewe ilikuwa Twisters, ile ya Julai 2024 ya Lee Isaac Chung, inayofuata nyayo za Twister ya 1996 ya Jan de Bont, zote mbili za watu wanaofukuza tornado, ule upepo mkali unaozunguka, ili waipime. Nilitoka kuiangalia usiku nikaandika usiku uleule. Nikaandika kwamba ile ya zamani haikuhitaji adui wa kibinadamu, upepo peke yake ulitosha, ila hii mpya imeona haitoshi ikachomeka mambo ya wawekezaji na pesa. Niliiamini ile sentensi kwa moyo wote. Kesho yake msomaji mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, ndugu, na Jonas je? Nikakaa kimya. Jonas ni yule jamaa anayechezwa na Cary Elwes, ana wafadhili, ana msafara wa magari meusi, ameiba wazo la wenzake, na anakufa kwa sababu amekataa kuonywa. Yaani adui wa pesa yumo, tena yumo karibu muvi nzima, mi nilishamfuta kichwani. Nikairudia yote nikakuta siyo hilo tu. Nilikuwa na uhakika kwamba nyumba ya Meg, shangazi wa Jo (mhusika mkuu wa ile ya zamani), ikibomoka wanaomboleza muda mrefu, kumbe wanamtoa, nyumba inaanguka, Jo anaziangalia zile sanamu zinazozungushwa na upepo, anapata wazo la kuvipa vihisio vyao (vile vipimo vidogo wanavyotaka vinyonywe na tornado) mabawa, na safari inaendelea. Ile huzuni ndefu nilikuwa nimeitunga mwenyewe kwa miaka yote ile.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na ndo kubwa kuliko yote nitakayosema hapa: usilinganishe muvi mpya na kumbukumbu yako, linganisha muvi na muvi. Irudie ile ya zamani ndani ya wiki hiyohiyo, ikiwezekana kabla ya kuangalia mpya, na uiangalie yote siyo vipande. Ile ina dakika 113, hii ina dakika 122, hiyo ni jioni mbili tu. Kumbukumbu inahifadhi ng'ombe anayeruka na umri uliokuwa nao, inatupa mengine. Na ukiirudia angalia pia kama unaisikia vizuri, maana Twister ni muvi ya masikio, ule mngurumo wa tornado walitumia mpaka mlio wa ngamia uliopunguzwa kasi, na ilipendekezwa tuzo za Oscar mbili, ya sauti na ya efekti, ingawa haikuchukua hata moja. Ukiiangalia kwenye simu kwa spika ndogo halafu mpya ukaiangalia ukumbini, umeshaionea ya zamani. Kinyume chake hivyohivyo.

Hapo hapo kuna jambo la lugha, nalisema kwa sababu naliona kila siku. Hizi muvi siyo za kimbunga kile cha baharini. Kile kinazaliwa juu ya maji ya joto, kinatanda mamia ya kilomita na kinakaa siku nyingi. Tornado inashuka kwenye wingu la radi, mara nyingi haifiki saa moja, na inaweza kuifuta nyumba moja ikaiacha ya jirani. Ukiandika kimbunga kimbunga bila kufafanua msomaji hataelewa kwa nini watu kwenye muvi wanaifukuza kwa magari badala ya kuhama mji. Na mwenendo mzima wa muvi umejengwa juu ya hilo, kwamba inatokea ghafla, inapotea, inabidi uitafute tena.

Sasa kulinganisha kwenyewe. Wageni wengi mnaanza na efekti, mi nawaomba muanzie kwenye swali la nani anaogopa na anaogopa kupoteza nini. Kwenye ile ya 1996 inaanza mwaka 1969, Jo ni mtoto, familia iko kwenye handaki, baba yake ameshikilia mlango na upepo unamchukua. Halafu tunaruka mbele, Jo amekua (Helen Hunt), na mume wake Bill (Bill Paxton) kaja na mchumba mpya kutaka saini za talaka. Yaani hofu ni ya mtu mmoja aliyempoteza mtu mmoja, na sehemu kubwa ya muvi haiongelei kifo, inaongelea ndoa ambayo bado haijafa. Ndo maana ni nyepesi kuipenda. Kwenye ya 2024 Kate (Daisy Edgar-Jones) anafungua muvi na marafiki zake, wanafunzi, wanajaribu jaribio lake yeye la kuiua tornado, wanakimbilia chini ya daraja la barabara na ndani ya dakika chache watatu wamekufa akiwemo mpenzi wake. Miaka 5 baadaye yuko New York ofisini anaangalia mawingu kwenye skrini. Hofu yake siyo upepo. Anaogopa kwamba akili yake iliua watu.

Ukishaona hilo unaelewa kwa nini hii mpya haichekeshi kama ile, na hapo ndo mi niliikosea zaidi. Niliandika kwamba haina raha. Ni kweli, raha yake ni ndogo, lakini kuna sababu. Kati ya muvi hizi mbili dunia halisi iliona Joplin, Missouri, Mei 2011, tornado moja ikaua watu zaidi ya 150. Ikaona El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, upana kama kilomita 4, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa, na iliwaua Tim Samaras, mwanae Paul na mwenzao Carl Young, watu waliokuwa wakifanya kazi hiyohiyo ya kuifuata na kuweka vifaa mbele yake. Baada ya hapo dairekta hawezi kutengeneza muvi ya watu wanaokimbiza dhoruba wakipiga kelele za furaha mwanzo mwisho kana kwamba hakuna aliyekufa. Na Chung hakuipeleka sini yake ya mwisho El Reno kwenyewe bure, hivyo ndo ninavyoisoma mimi. Ukiwa unarivyu muvi ya majanga jua janga lenyewe limefanya nini katikati ya ya kwanza na ya pili, ni kazi ya saa moja tu ya kusoma na inabadilisha rivyu nzima.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani natetea tu mpya. Kuna kitu ile ya zamani inacho na hii haina kabisa, nacho ni lile genge. Wale watu wa kwenye magari nyuma ya Jo na Bill, akiwemo Philip Seymour Hoffman akiwa Dusty, kabla hajawa mkubwa, wanakula mezani kwa shangazi Meg wakiongea wote kwa pamoja, wanagombania chakula, wanasimuliana mambo ya zamani, na ndani ya hiyo meza moja umeshaamini hawa wamezunguka pamoja miaka. Hakuna aliyeelezwa historia yake na bado unawajua. Kwenye mpya kundi la Tyler (Glen Powell), mfukuza dhoruba anayekutana na Kate, lipo, lina watu wazuri tu, lakini kila mmoja amepewa sifa moja, huyu wa droni, huyu wa kamera, basi. Nilisubiri meza kama ile, haikuja. Kuna tamasha la rodeo usiku ambapo Kate na Tyler wanaongea vizuri sana, lakini ni wawili tu. Kwa hilo Twisters haijafikia, na nitasema hivyo hata ukiniamsha usiku wa manane.

Na ukisema kitu kama hicho kwenye rivyu onyesha sini, siyo hisia. Usiandike wahusika hawana mvuto, andika ni sini gani ya zamani iliyofanya kazi na ni sini gani ya mpya iliyopewa kazi hiyohiyo ikashindwa. Msomaji anaweza kwenda kuangalia mwenyewe akakubali au akakataa, hapo mnajadiliana kitu. Hisia tupu haijadiliki.

Kuhusu sayansi, kuweni wapole lakini msiwe vipofu. Kile kifaa cha Jo na wenzake cha 1996, pipa la vihisio wanaloliita Dorothy, hakikutoka hewani, watafiti wa Marekani miaka ya 1980 walikuwa na pipa la vipimo waliloliita TOTO, wakijaribu kuliweka njiani mwa tornado. Wazo la muvi la kurusha vihisio vipande vipande ndani yake lina mguu kwenye ukweli. Ila zile namba za F (ngazi za ukali wa tornado) wanazozitaja wakiiangalia tu kwa macho siyo sahihi, ngazi ya tornado inapangwa baada ya kukagua uharibifu, na tangu 2007 Marekani wanatumia ngazi iliyoboreshwa ya EF. Ya 2024 inataka makubwa zaidi, Kate anataka kuiua tornado kwa kumwaga kemikali za kunyonya unyevu. Hakuna anayeweza hilo leo. Lakini mi sikuipunguzia alama hapo, kwa sababu muvi imejenga hamu hiyo toka dakika ya kwanza na imemgharimu mhusika. Uongo wa sayansi unaokera ni ule unaokuja kumwokoa stering dakika za mwisho bila kuandaliwa.

Pesa pitieni haraka. Ile iligharimu kama dola milioni 92 ikaingiza karibu milioni 495 duniani, hii kama milioni 155 ikaingiza kama 370. Hizo namba zinakuambia ni wangapi walikata tiketi, hazikuambii kama imefikia au haijafikia, na ukiziweka kwenye rivyu kama ushahidi wa ubora nitajua hukuwa na la kusema.

Halafu kuna wapenzi wa ile ya zamani. Wana mapenzi ya kweli, msiwadharau. Bill Paxton alipofariki Februari 2017, wafukuza dhoruba Marekani walipanga alama zao kwenye ramani zikaandika herufi BP juu ya Oklahoma. Hilo ndo pendo mnalokutana nalo mkisema mpya imezidi mahali fulani, kwa hiyo semeni kwa adabu, na semeni kwa sababu. Muvi mpya yenyewe ilifanya hivyo, ilimpa James, mtoto wa Paxton, sehemu ndogo kwenye sini ya moteli, haikupiga tarumbeta juu yake.

Na mahali ilipozidi mi napajua sasa, japo ilinichukua kuziangalia zote mbili mara ya pili ndo nipaone. Muvi zote mbili zinavunja skrini ya sinema. Mwaka 1996 ni sinema ya wazi, watu wako kwenye magari usiku, inaonyeshwa The Shining, na tornado inaipasua ile skrini picha ikiwa bado inacheza juu yake. Ni picha nzuri ajabu, nilipokuwa kijana niliirudisha nyuma mara nyingi tu kuiangalia. Lakini angalia watu wako wapi. Wamekimbia, wamejificha, na kamera imebaki na skrini, tunashangaa pamoja nayo. Mwaka 2024 ni ukumbi wa ndani, El Reno, inaonyeshwa Frankenstein ya 1931, na wenyeji wamekimbilia humo kwa kuwa hawana handaki la kwenda. Ukuta wenye skrini unang'oka, na palipokuwa na picha sasa kuna tornado yenyewe, na watu wameshikilia viti, na mmoja mmoja wanavutwa kuelekea pale tulipozoea kuangalia. Mara ya kwanza niliona ni kuiga tu ile ya zamani. Mara ya pili niliangalia mikono, jinsi Tyler na wenzake wanavyoshikana na watu ambao hawawajui hata majina, na huko nje Kate yuko peke yake ndani ya gari katikati ya upepo anarudia lile jaribio lililoua rafiki zake.

Nikafuta rivyu yangu ya kwanza, nikaandika nyingine ikianza na zile skrini mbili.