Daktari wa Farasi Anajibu: Eksrei Safi, Lakini Jumapili Asikimbie

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni saisi, kazi yangu iko karibu na uwanja wa mbio wa Ngong. Ninatunza farasi jike wa miaka 3. Alipumzishwa miezi miwili, kisha akarudishwa mazoezini. Wiki iliyopita alipomaliza kukimbizwa kwa kasi alichechemea sana mguu wa nyuma wa kulia. Siku ya nne akawa anatembea vizuri. Eksrei ya kifundo na ya kisigino haikuonyesha kitu. Mkufunzi anasema ni msuli tu, akimbie Jumapili. Nilipouliza kama altrasaundi ingesaidia, nilichekwa. Eti mawimbi hayapiti kwenye mfupa, mashine hiyo ni ya kano na mimba. Ni kweli?
Saisi, Jamhuri, Nairobi

JIBU: Tuanze na la haraka, ndugu yangu. Jumapili asikimbie. Farasi aliyechechemea vibaya baada ya mbio, akatulia baada ya siku chache zizini, na picha za sehemu ya chini ya mguu zikawa safi, mimi namhesabu ana ufa kwenye mfupa mpaka nijiridhishe kwamba hana. Msuli pia huuma, sikatai. Lakini ukikosea kwa msuli umepoteza mbio moja, na ukikosea kwa mfupa umempoteza farasi, na pengine joki naye ameumia.

Hao waliokucheka wamesema kweli nusu. Mawimbi ya altrasaundi yakigonga uso wa mfupa hurudi, na skrini huonyesha mstari mweupe unaong'aa, chini yake giza. Ya ndani hatuyaoni. Ila mimi nautaka mstari huohuo. Kwa farasi mzima ni laini, hauna mkatiko. Penye ufa huwa na ngazi ndogo, au hukatika, au juu yake hutanda kitu kama ukungu wenye mawimbimawimbi: ni mfupa mpya ambao mwili umeanza kuujenga kuziba ufa. Wakati mwingine damu iliyovilia huonekana pembeni.

Kwa farasi wako ningeanzia nyongani. Ule mfupa mpana ulio chini ya kiuno hupasuka kwa farasi wa mbio, na eksrei yake ni ya taabu: nyama ni nene, mashine ya kubeba mkononi haina nguvu ya kutosha, na picha nzuri mara nyingi hudai farasi alazwe kwa dawa ya usingizi. Kumlaza na kumwamsha farasi mwenye ufa wa nyonga ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Altrasaundi anapimwa akiwa amesimama, bandani mwake, nawe umeshika kamba. Kwa kina hicho daktari atahitaji kile kichwa cha mashine chenye uso wa duara na masafa ya chini, megahezi 2 hadi 5 hivi. Kile kirefu cha kupimia mimba kwa njia ya haja kubwa nacho si cha kudharauliwa, kwa kuwa huionyesha nyonga kutoka ndani. Mimi hulowesha manyoya kwa spiriti badala ya kunyoa, maana matajiri hawapendi farasi wao aonekane na kipara siku ya mbio. (Vichwa vingine vya mashine huharibiwa na spiriti. Daktari asome maelekezo ya mtengenezaji kwanza.) Upande wa kulia ulinganishwe na wa kushoto, sentimita kwa sentimita. Baada ya hapo ashuke kwenye muundi, ule mfupa kati ya goti la nyuma na kisigino. Upande wake wa ndani umefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu.

Ile miezi miwili ya mapumziko uliyoitaja ndiyo iliyonishtua zaidi. Mfupa wa farasi wa mbio hupata nyufa ndogondogo kwa kukimbizwa, na mwili huzikarabati kama wanavyokarabati barabara ya Ngong: kwanza wanachimba, lami mpya inakuja baadaye. Kuchimba huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Farasi akipumzishwa, uchimbaji hushamiri. Akirudi, mapafu na misuli hupata nguvu upesi, anaonekana yuko tayari, kumbe mfupa bado una mashimo. Huko Marekani, California, ambako tangu 1990 farasi wanaofia viwanjani hupasuliwa na kuchunguzwa, wataalamu wamekuta tena na tena kwamba pale mfupa ulipokatikia palikuwa na jeraha la zamani. Mifupa hiyo haikuvunjika kwa bahati mbaya ya siku moja.

Sasa na mimi niiseme kweli nusu ya pili. Altrasaundi ikitoka safi leo, haijamsafisha farasi. Ufa wa siku chache unaweza kuwa bado haujajenga mfupa mpya wa kuonekana. Apumzike, apimwe tena baada ya siku 10 hadi 14. Halafu kuna kifundo. Majeraha yake mengi yamejificha ndani ya kiungo, mahali ambapo mawimbi hayafiki. Ndiyo maana uwanja wa mbio wa Santa Anita, hukohuko California, baada ya vifo vingi vya farasi msimu wa 2018 na 2019, ulileta mashine ya PET, skani ya dawa yenye mionzi inayoonyesha mfupa unapojijenga, inayompiga picha farasi akiwa amesimama, na Melbourne, Australia, baada ya farasi Anthony Van Dyck kuvunjika kifundo kwenye mbio za Kombe la Melbourne la 2020, ikaanza mwaka uliofuata kudai CT ya miguu, yaani eksrei inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande, kwa farasi wanaotoka nchi za nje. Mkufunzi akikwambia kifundo kimepimwa kwa altrasaundi na hakina neno, muulize amepima nini, mfupa au kano?

Kabla daktari hajafika, asipewe fenilibutazoni, dawa ya kutuliza maumivu. Dawa hiyo itaficha kile tunachokitafuta. Wala asichomwe sindano ya ganzi mguuni kutafuta maumivu yalipo, kwani farasi asiyesikia uchungu hukanyaga kwa uzito wote. Bonyeza kiuno pande zote mbili kwa kiganja na uone anainama wapi. Simama nyuma yake, kwa mbali, utazame kama upande mmoja wa kiuno umekonda. Viandike ulivyoona, na tarehe. Daktari mwenye akili ataanzia kwenye karatasi yako.

Ufa ukipatikana, si mwisho wake. Nyufa ambazo hazijakata mfupa wote hupona, na farasi wengi hurudi kukimbia. Hesabuni miezi 3 au 4, mara nyingi zaidi: kwanza bandani tu, kisha kutembezwa kwa mkono. Ukiwa kwenye muundi, daktari anaweza kuagiza afungwe kamba asilale, maana mfupa huo huweza kukatika anapojiinua. Wa nyonga ukikatika kabisa huweza kuchana mshipa mkubwa wa damu, naye hufa kabla hamjapata gari. Mwambie tajiri wako hilo kwa maneno hayohayo.

SWALI: Daktari, niko Doha kwenye mazizi ya mbio. Farasi wangu alichomwa sindano hospitalini wakampiga skani ya mifupa, kisha tukakatazwa kuingia bandani kwake hadi kesho yake. Tuna hatari gani?
Mama Zawadi

JIBU: Mama Zawadi, alichomwa teknitiamu, dawa yenye mionzi ambayo hukimbilia mahali mfupa unapojijenga. Hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo baada ya siku nzima imebaki sehemu moja kati ya 16. Nyingi hutoka kwa mkojo, kwa hiyo mtihani uko kwenye majani ya kulalia kuliko kwa farasi mwenyewe. Yaacheni humohumo bandani mpaka hospitali iseme, yatolewe kwa glavu. Mwenzenu mwenye mimba asishike kazi hiyo, na asisitasite kumwambia msimamizi sababu.