Napata maikrosekunde 190 kwenye saa ya GPS badala ya 38: kosa liko wapi?

Swali: Najisomea nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Nilitaka kujua saa ya setilaiti ya GPS huitangulia saa ya ardhini kwa kiasi gani kwa siku. Nimetumia gh/c², g (mvuto wa Dunia) ikiwa 9.8, h (kimo) mita 20,200,000 na c kasi ya nuru, kisha nikazidisha kwa sekunde 86,400. Nimepata maikrosekunde 190, ilhali kila mahali nakuta 38.

Jibu: Ndugu msomaji, kuzidisha umezidisha sawasawa. Shida ni kanuni yenyewe. gh/c² inafaa kwa mnara au mlima, ambako g ya chini na ya juu karibu zinalingana. Kilomita 20,200 juu, g imeshuka hadi kama 0.56, nawe umeihesabu 9.8 njia nzima.

Tumia (GM/c²)(1/R − 1/r). GM ni namba thabiti ya mvutano, G, mara masi, M; kwa Dunia ni 3.986 × 10¹⁴. Ukiigawanya kwa c² unabaki na mita 0.004435. R, nusu kipenyo cha Dunia, ni mita 6,371,000. Angalia sana r, umbali wa setilaiti, maana hapo ndipo wengi hujikwaa: hupimwa kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka ardhini, kwa hiyo ni mita 26,571,000. Zidisha kwa 86,400, utapata maikrosekunde 45.7. Ukitaka kuhakiki haraka, zidisha 190 yako kwa R/r, yaani 0.24. Utaona majibu yanakaribiana sana.

Bado hujafika 38, kwa sababu setilaiti inakimbia, na mwendo huichelewesha saa. Kasi yake ni kipeuo cha pili cha GM/r, mita 3,873 kwa sekunde. Iweke kama v kwenye v²/2c²: maikrosekunde 7.2 kwa siku. Toa: 45.7 − 7.2 = 38.5. Mzunguko wa Dunia unaibeba pia saa ya ardhini, lakini athari yake hapa ni ndogo mno.

Hili limepimwa. Mwaka 1977 setilaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa na saa ya atomi ya sizi (cesium), ikaachwa siku kama 20 bila kusahihishwa. Ilitangulia kwa sehemu 442.5 katika trilioni, sawa na maikrosekunde 38.2 kwa siku. Ndiyo maana saa za GPS hupunguzwa mwendo kabla ya kurushwa: badala ya kupiga kwa masafa ya megahezi 10.23 huwekwa 10.22999999543.

Utasoma pia kwamba bila marekebisho hayo ramani ya simu ingepotoka kilomita 11 kila siku. Hiyo ni njia ambayo nuru huenda kwa maikrosekunde 38, wala si kosa la mahali ulipo. Setilaiti zote zikitangulia kwa kiasi kimoja, kipokezi (kama simu yako) huihesabu tofauti hiyo kama kosa la saa yake chenyewe na kuiondoa. Kinachokisumbua ni setilaiti kutofautiana. Obiti yenye uduaradufu (kiasi inavyoachana na duara kamili) wa 0.01 huyumbisha saa kwa nanosekunde 23 huku na huku, yaani mita 7 hivi, na marekebisho ya kuyumba huko hufanywa na kipokezi, si na setilaiti.