Mnauliza, Tunajibu: Nyumba ya Karibu na Bahari

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu wanaotaka kuhamia ufukweni, au waliokwisha kuhamia na sasa wanashangaa pesa zinakwenda wapi. Tumechagua tano. Mafundi wetu wa ujenzi na wa maji wamesaidia kujibu.

SWALI: Nimeona nyumba mbili za kupanga zinazofanana. Moja inatazama bahari, nyingine iko mitaa kadhaa nyuma, kama mita 800. Ya mbele kodi yake inakaribia mara mbili. Nikilipa zaidi napata hewa nzuri zaidi, au nalipia kutazama maji tu?

Kwa sehemu kubwa unalipia kutazama maji. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu yake hupanda, na ile ya baharini iliyopoa huja kujaza nafasi. Ndiyo maana upepo huanza kuvuma katikati ya asubuhi, ukakolea alasiri, na usiku ukageuka na kudhoofika. Upepo huo hauishii mtaa wa kwanza. Kwenye nchi tambarare yenye jua kali huingia kilomita nyingi ndani, mara nyingine zaidi ya 20. Mita 800 haziupunguzi sana, mradi hakuna ghorofa refu au kilima kinachouzuia. Simama kwenye nyumba ya nyuma saa tisa alasiri, fungua madirisha ya pande mbili, utajua.

Kinachopungua haraka unapoondoka ufukweni ni chumvi. Mawimbi yanapovunjika hurusha matone madogo yenye chumvi, na mengi huanguka ndani ya mita mia chache za kwanza. Kwa hiyo nyumba ya nyuma inakupa karibu hali ya hewa ile ile, bila kutu ile ile. Ufukwe wenye mawimbi makubwa hurusha chumvi mbali zaidi kuliko ule uliokingwa na miamba, kwa hiyo usitegemee umbali peke yake. Kagua vyuma vya jirani: bawaba za mageti, grili za madirisha, misumari ya paa. Tazama zaidi sehemu zisizonyeshewa, kama chini ya kingo za paa. Mvua huosha chumvi. Isipofika, chumvi hulundikana. Grili safi upande wa mvua na iliyobabuka chini ya kibaraza ni dalili kwamba chumvi ipo ya kutosha.

Usidhani pia kwamba kila pwani ina joto. Mkondo baridi wa Benguela hufanya pwani ya Namibia kuwa na ukungu na baridi ingawa nyuma yake kuna jangwa, na ule wa Humboldt hufanya hivyo kwenye pwani ya Peru. Uliza mkondo wa bahari ya huko kabla ya kuuliza nyuzi za latitudo.

Jambo la mwisho kuhusu kodi: penye watalii, bei hupanda msimu wa wageni, na wapo wenye nyumba wanaowaondoa wapangaji msimu huo ili wapangishe kwa siku. Taka mkataba wa miezi 12 wenye bei moja, na uutafute msimu ukiwa umelala, ambapo dalali ndiye anayekutafuta wewe.

SWALI: Muuzaji alituambia mabati yake yanadumu miaka 20. Yetu yako mita 150 kutoka majini na mwaka wa tatu tayari yana kutu kwenye maungio. Tumedanganywa?

Pengine hakudanganya, alitaja maisha ya bati mbali na bahari. Kinacholinda bati la kawaida ni tabaka la zinki, na hesabu yake ni rahisi. Bati lenye alama Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Hiyo ni kama maikroni 20 kila upande (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Z100 ina kama maikroni 7 tu. Sehemu kavu isiyo na chumvi, zinki hupungua chini ya maikroni 1 kwa mwaka, kwa hiyo miaka 20 inawezekana kabisa. Kwenye pwani kali, kwa vipimo vya kimataifa vya kutu, hupungua maikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka, na mahali panaporushiwa povu moja kwa moja ni zaidi ya hapo. Gawanya mwenyewe: Z275 isiyo na rangi inaisha kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na Z100 haifiki hata miwili.

Kutu yenu imeanzia kwenye maungio kwa sababu hapo bati mbili zinalaliana, maji ya chumvi yanaingia na hayakauki. Pale penye kutu nyekundu, zinki imekwisha. Kupaka rangi juu ya kutu ni kupoteza rangi. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, osha kwa maji yasiyo na chumvi, acha pakauke siku nzima, paka praima yenye zinki nyingi, kisha tabaka mbili za rangi ya paa. Ukisahau kuosha, chumvi inabaki chini ya rangi, inavuta maji, na rangi inafura malengelenge ndani ya miezi michache.

Mkiezeka upya, omba bati la aluminiamu tupu au lile la chuma lenye tabaka la mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, alama AZ150, lililopakwa rangi kiwandani. Soma dhamana hadi mwisho, maana nyingi hutaja umbali kutoka baharini na chini ya hapo haikulindi. Skrubu ziwe za daraja la pwani na zitoke kwa mtengenezaji wa bati hilo hilo. Bati la bei kubwa lililopigwa misumari ya kawaida linaanza kuvuja kwenye matundu, na hiyo ni kasoro inayoonekana sana kwenye paa za pwani. Maji yanayotoka kwenye bomba au kiyoyozi cha shaba yasidondokee bati. Shaba hula zinki na aluminiamu. Fundi akikata bati kwa mashine ya kusaga, cheche hutua juu ya paa na kila moja huwa doa la kutu. Atumie mkasi wa bati.

Na kwa kuwa mko jirani na maji hivyo, osheni chini ya kingo za paa kwa mpira wa maji kila mwezi. Hakuna matengenezo ya bei rahisi kuliko hayo.

SWALI: Nguo kabatini zinaota ukungu, na asubuhi nyingine sakafu ya vigae inalowa ingawa hakuna bomba linalovuja. Nafungua madirisha kutwa lakini hali haibadiliki. Ninunue kiyoyozi?

Sakafu yako inatoa jasho. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini yake, na vigae vilivyolala juu ya ardhi vinafika hapo kwa urahisi. Ukifungua madirisha saa hizo unaingiza maji zaidi. Fungua upepo wa alasiri unapovuma, funga hewa inapokuwa nzito na tulivu.

Chumvi inaongeza tatizo. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, hadi inayeyuka yenyewe. Vumbi la chumvi linaloingia na miguu na upepo linabaki sakafuni, kwenye mapazia na nyuma ya kabati, likilowa kila usiku. Piga deki kwa maji masafi unayoyabadilisha mara kwa mara, si ndoo moja kwa nyumba nzima. Ukuta usiokauka hata kiangazi, hasa ukitoa unga mweupe, huenda umepigwa lipu ya mchanga wa bahari usiooshwa. Huo rangi haiuponyi. Lipu inabanduliwa na kupigwa upya.

Nunua kwanza kipimo kidogo cha unyevu. Lengo ni kukaa chini ya asilimia 65. Sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani, toboa matundu nyuma yake, na usiweke nguo ambayo haijakauka kabisa.

Kuhusu umeme: feni ya wati 60 kwa saa 8 inakula karibu nusu yuniti. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kinavuta kama wati 900 kikifanya kazi. Hata kikipumzika karibu nusu ya muda, usiku mmoja ni yuniti 4 hivi. Feni inampoza mtu lakini haikaushi chumba, kiyoyozi kinakausha. Kama kuvu ndiyo shida yako kuu, washa kiyoyozi saa mbili tatu kwenye chumba kilichofungwa, kisha lala na feni. Mashine ya nje ifungwe upande usioelekea bahari na ioshwe kwa maji kila mwezi. Mapezi yake membamba ya aluminiamu yakiliwa, hakuna fundi wa kuyarudisha.

SWALI: Mwenye kiwanja anasema kisima chake kina maji matamu na hata ametuonjesha. Inatosha?

Haitoshi. Chini ya ardhi ya pwani, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya jumla, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Ukivuta hadi usawa ushuke mita 1, chumvi inaelekea kupanda mita 40. Ndiyo maana kisima kinakuwa kitamu mwaka wa kwanza, majirani wakifunga pampu kinageuka, na kuchimba zaidi kunakufikisha kwenye chumvi mapema zaidi.

Pima mwisho wa kiangazi, baada ya pampu kufanya kazi saa kadhaa mfululizo, na upeleke sampuli maabara. Kloridi, yaani kipimo cha chumvi, ikivuka miligramu 250 kwa lita, ladha inaanza kuonekana. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000, kwa hiyo sehemu 2 tu katika 100 zinatosha kuharibu kisima.

SWALI: Kiwanja cha ufukweni kinauzwa rahisi mno. Nitajuaje kama bahari haitakifuata?

Nenda siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, ikiwezekana Machi au Septemba ambapo maji hujaa zaidi. Fika saa ya maji kujaa. Mstari wa takataka za mawimbi uko wapi? Kuna miti iliyobaki na mizizi nje, au ukingo wa mchanga uliokatika wima kama kisu kimepita? Basi ufuo unaliwa tayari.

Usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi ya 2006 hadi 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Inaonekana kidogo, lakini kwenye ufuo tambarare wa mchanga kila sentimita inaweza kula nusu mita hadi mita nzima ya nchi. Muuzaji akikuambia jirani amejenga ukuta, jihadhari zaidi: ukuta huokoa nyumba iliyo nyuma yake, lakini wimbi likigonga hurudi na mchanga wa mbele, na pale ukuta unapoishia ndipo mmomonyoko hukolea. Kiwanja chako kikiwa hapo, umeuziwa tatizo la mwingine.

Kabla ya kulipa, chukua kwa maandishi kutoka ofisi ya ardhi umbali unaoruhusiwa kujenga kutoka usawa wa maji kujaa, na uombe bei ya bima ya mafuriko na ya upepo, kila moja peke yake. Kampuni ikikataa kutaja bei, usinunue.