Mama mkwe ananiita mwizi, jioni anafunga mzigo anataka kwenda kwao

Barua ya wiki hii ni ya dada mmoja wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Nimeifupisha kidogo.

"Shikamoo Anti. Mimi ni Mnyaturu wa Singida nimeolewa na Mgogo. Mume wangu yupo Geita machimboni, anarudi mara moja moja. Mama mkwe ana miaka 76, tulimchukua Mpwapwa baada ya mzee kufariki. Mwanzo alikuwa anasahau vitu vidogo vidogo, sasa hivi swali moja anauliza mara kumi, Kiswahili kinamtoka anaongea Kigogo ambacho mimi nakiokoteza tu, na akikosa hela yake ananiita mwizi mbele ya majirani. Jua likizama anafunga mzigo anasema anaenda kwao. Nina genge, nikitoka namfungia kwa kufuli. Wifi yangu yupo Dar, kazi yake kupiga simu na kufoka, juzi kasema nimemroga mama yake. Mchungaji kasema tufunge tuombe, majirani wanasema nimpeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, naogopa watu watasemaje. Anti, wiki iliyopita nilimsukuma. Hakuumia ila nililia usiku kucha. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Nianze na hilo la kumsukuma maana naona ndio linalokutafuna. Halikuwa jambo zuri na wewe unajua, ndio maana umeliandika mwishoni kabisa. Ila sikuiti mkwe mbaya. Mtu anayelala masaa matatu, anaamka kuuza nyanya, anarudi anatukanwa, anapika, anafua mashuka yaliyolowa, alafu kesho tena, huyo mtu lazima siku moja mkono utangulie akili. Siku nyingine ukisikia hasira inapanda toka nje, muache aongee peke yake dakika tano, hakuna kitakachoharibika. Shirika la Afya Duniani linasema ndugu wanaohudumia wagonjwa wa namna hii wanatumia wastani wa masaa 5 kwa siku kwenye kazi hiyo tu, na asilimia 70 ya masaa yote ya kuwahudumia yanabebwa na wanawake. Kwahiyo mko wengi mno, ila kila mmoja yupo ndani kwake kafunga mlango anaona aibu.

Sasa huo ugonjwa. Kwa jinsi unavyoeleza, umekuja taratibu, unakula kumbukumbu za karibuni na kuacha za zamani, lugha ya utotoni inabaki ya baadaye inaondoka, hiyo inafanana sana na demensia, lakini wa kusema ndio au hapana ni daktari, sio mimi wala majirani. Na usidhani ni mambo ya Wazungu. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini kupima wazee wa miaka 70 na kuendelea, matokeo yakatoka 2013, wakakuta kama 6 katika kila 100 wanao. Walipokaa na familia wengi walisema ni uzee tu, wengine wakasema karogwa au kalaaniwa. Yaani huyo wifi yako hajabuni kitu kipya. Ubongo unaumwa, seli zake zinakufa, hakuna mkono wa mtu hapo. Kuomba ombeni, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, ila mkishasema amina muende hospitali.

Na hospitali msichelewe, kwa sababu sio kila kusahau ni demensia. Kuna wazee wamevurugika kumbe ni tezi ya shingoni, au upungufu wa vitamini B12, au sonona baada ya kufiwa (na huyu amefiwa, mwambie daktari hilo), au dawa anazokunywa zinagongana, na hayo yanatibika. Wampime sukari, presha, mkojo, na masikio pia waangalie maana mtu asiyesikia anaonekana kachanganyikiwa wakati hajasikia tu. Anzia kituo cha afya cha karibu wakupe rufaa, tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, tunayo Benjamin Mkapa. Wakikuandikia Mirembe nenda Mirembe. Watu wa mjini hapa tumeligeuza hilo jina kuwa tusi, mtoto akikosea tu "wewe wa Mirembe", lakini ile ni hospitali, unaenda kliniki unaonwa unarudi nyumbani kwako. Hao wanaosema watasema hata usipoenda. Kama hela ni shida, pita ofisi ya mtaa na kwa mtu wa ustawi wa jamii uulize msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza. Kitu kimoja nakukataza: usiende duka la dawa kununua vidonge vya usingizi ili alale upumzike. Wazee wanaanguka na hizo dawa, wanavunjika nyonga, na akili inazidi kuvurugika. Na ikitokea amebadilika ghafla, ndani ya siku moja mbili, haamki vizuri au anaona vitu visivyokuwepo, hapo usisubiri kliniki, mkimbize siku hiyo hiyo, inaweza kuwa malaria au maambukizi ya mkojo.

Haya, tuje kwenye wizi. Mama anafunga hela kwenye pindo la kanga, anaona hapo si salama, anahamishia kwenye kopo la unga wa mtama, dakika kumi baadae hakumbuki kama alihamisha. Kwenye akili yake hela ilikuwepo na sasa haipo, na aliyekuwepo ndani ni wewe. Angekuwa na mtu mwingine angemuita huyo mwizi. Kwahiyo ukisimama kujitetea, "mama mimi siwezi kukuibia, muulize mwanao", unapoteza pumzi na yeye anapata uhakika kwamba unaficha kitu. Sema hivi: "Jamani, pole mama, hebu tuitafute wote." Mshike mkono, mkianzia kwenye mto, kopo, chini ya godoro, utakuja kujua maficho yake yote. Ikionekana muache aiokote yeye. Na uwe na noti ya elfu moja pembeni kwa siku ambazo haionekani kabisa. Najua kuna watakaosema huo ni uongo. Mimi naona bora huo kuliko kumshindisha bibi wa watu analia.

La jioni ni hivyo hivyo. Hao wagonjwa giza likianza kuingia wengi wanahangaika, ni tabia ya ugonjwa wenyewe, wewe ukimwambia "kwenu ni hapa, baba alishakufa" unampa msiba mpya kila siku saa kumi na mbili. Washa taa mapema kabla kivuli hakijaingia. Akishika mzigo muulize kwao kuna nani, walikuwa wanalima nini, mbuzi walikuwa wangapi, tembea nae uzunguke nyumba, mrudi mnywe uji. Jifunze na Kigogo kidogo, msalimie "mbukwa" asubuhi, utaona sura inavyofunguka. Kule Hai waliwahi kuwakusanya wazee wenye demensia kwenye vikao 14, wanaimba, wanaongelea chakula na mambo ya utotoni, na kumbukumbu zao na wasiwasi vikaonekana kupata nafuu. Hawakupona, nisikudanganye, hakuna dawa ya kuuponya huu ugonjwa. Ila mama anayeweza kupepeta mtama na kuchambua mlenda mpe ungo akae na wewe gengeni kivulini, hata kama anachambua mbaya utarudia ukiwa mwenyewe.

Nimesema gengeni kwa sababu hilo kufuli siliafiki. Siku jiko likidondoka ukiwa sokoni utajiambia nini? Badala yake ongea na mjumbe wako na wale vijana wa bodaboda pale kijiweni, waonyeshe sura yake, waambie mama yangu anasahau njia, mkimuona peke yake nipigieni. Namba yako ishone kwenye pindo la kanga zake zote. Funga na kengele au hata makopo mlangoni usiku ili akifungua usikie.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nichague barua yako, maana hayo yote juu huwezi kuyafanya peke yako na sikushauri ujaribu. New York kuna mtafiti anaitwa Mary Mittelman na wenzake, walifuatilia watu 406 wanaohudumia waume au wake zao wenye ugonjwa huu. Nusu yao walipewa vikao sita vya ushauri, vinne kati ya hivyo vilikuwa ni vya familia nzima kukaa pamoja, alafu wakawa na kikundi cha kusaidiana na mtu wa kumpigia simu wakizidiwa. Matokeo ya 2006 yalionyesha wale waliosaidiwa waliweza kukaa na wagonjwa wao nyumbani siku 557 zaidi, karibu mwaka na nusu, kabla ya kuwapeleka kwenye makao ya wazee. Na Uingereza nao, watu wa University College London, 2013 walionyesha kwamba mlezi akipewa vikao 8 tu vya kufundishwa namna ya kukabiliana na hali, sonona na wasiwasi vinapungua, walipomfuatilia miaka 6 bado alikuwa na nafuu. Angalia hapo, aliyetibiwa ni mlezi.

Sisi kikao cha familia hatuhitaji kufundishwa na mtu wa New York. Shida yetu tunakitumia kwenye sherehe. Mtoto wa ukoo akitaka kuoa kamati inakaa kila Jumapili, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna grupu la wasap na watu wanakumbushwa ahadi zao hadi usiku wa manane. Mama anayesahau jina la mwanae hana kamati. Ana wewe.

Kwahiyo muundie. Mumeo ndio aitishe, sio wewe, ni mama yake huyo na wewe ukianza wifi atasema umechoka kumlea. Mwambie hili halingoji likizo, simu inatosha. Mchungaji naye aalikwe, akisema yeye kuwa ni ugonjwa watamsikia kuliko wewe. Na wifi usimfukuze, mpe kazi. Aje akae na mama wiki mbili wewe ukiwa Singida kwenu unalala. Wanaofoka kwenye simu wakishinda na mgonjwa jioni tatu tu mdomo unapungua, nimeona kwa macho. Asiyeweza kuja atoe hela ya dada wa kukusaidia, asiye na hela achukue zamu ya kumpeleka kliniki, ila asiwepo mtoto wa kuzaliwa na mama huyo ambaye jina lake halina kitu mbele yake.

Na wewe siku ya kumpeleka mama pima presha yako hapo hapo. Umesema kichwa kinauma kila siku kwenye sehemu niliyoikata.

Mtumie mumeo meseji hii, ibadilishe unavyotaka: "Baba nanihii, mama anaumwa, sio uzee. Jumatatu nampeleka hospitali nahitaji nauli na hela ya vipimo. Jumapili saa mbili usiku naomba uwapigie ndugu zako wote tuongee, kila mtu aseme atasaidia nini na lini. Mimi peke yangu sitaweza tena." Usiongeze lawama hata moja. Wifi akikupigia baada ya hapo kukufokea, mwambie kwa adabu aandike kwenye grupu, kila mtu asome.